Jinsi Nilivyohamisha Dispansari

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 1954

Dispansari yetu inahama! Munganga, yaani daktari mzungu wa Kasongo, amechoka na daraja letu. Mvua zilizopita gari lake lililala mtoni. Sasa tutapanda juu, kwenye barabara ya Kabambare, mwendo mrefu kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nyumba mpya imekwisha kupakwa chokaa. Baba yangu, Placide, ndiye muuguzi. Kwa hiyo kuhama huku ni jambo la nyumbani kwetu.

Halafu habari kubwa. Masera Cécilia, mtawa anayetufundisha, amesema msichana mmoja tu wa shule yetu atapelekwa Kasongo kusomea ukunga. Masera atamchagua baada ya munganga kufungua nyumba mpya. Msichana huyo ni mimi. Masera bado hajajua.

Nilijitolea kusimamia utawala wa kuhama. Masera akanipa ufagio. Mizani ya watoto akampa Léocadie, binti wa katekista, ambaye hunyamaza mpaka watu wanadhani anafikiri. Mizani! Nani alipata kumi juu ya kumi katika hesabu za kilo? Si yeye.

Jumatano, tarehe 4 Agosti

Nimepata kazi ya heshima zaidi. Nitawaarifu akina mama kwamba siku ya kupima watoto, Alhamisi ya wiki ijayo, itafanyika juu barabarani. Baba alikubali, mradi nisiongeze neno.

Nilieleza kama tulivyofundishwa, nimesimama wima, mikono nyuma. Mama Régina aliendelea kutwanga mihogo yake. Akasema, "Mutoto yangu namubeba kila siku. Uzito wake naujua kuliko hicho chuma yenu." Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kwa Kibangubangu kama nitambebea mimi.

Sasa, kila mtoto akipimwa, mama yake hupewa kipande kidogo cha sabuni. Nikasema kule juu kitakuwa mche mzima. Kicheko kilikatika.

Sikuongeza neno. Niliongeza sabuni.

Jumamosi, tarehe 7 Agosti

Siku ya kubeba. Nimeonewa mbele ya watu.

Wabebaji walikuwa wanachukua chochote kilicho karibu. Aibu. Nikavipanga vitu kwa alfabeti: bandeji, chandarua, chupa, kitanda. Safari ya kwanza ikaondoka vizuri, ya pili vilevile. Kufika juu, mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye U, safari ya mwisho. Watu wakaketi juani pamoja na vitanda. Mzee mmoja mwenye homa akajilaza kwenye kitanda kilichotuliwa kando ya barabara, akasema dispansari hii ni nzuri kuliko ile, ina hewa.

Marcellin, mkubwa wa wabebaji, akaniambia, "Mutoto, nyumba inafunguliwa kwanza. Hata mwizi anajua."

Kunilinganisha na mwizi! Nilimjibu kwamba alfabeti sikuitunga mimi.

Léocadie alipandisha mizani kichwani, peke yake, bila mkwaruzo hata mmoja. Masera aliliona hilo. Kwa nini Masera huona mambo madogo tu?

Alhamisi, tarehe 12 Agosti

Walikuja! Njia ilijaa tangu alfajiri. Walikuja hata wa upande wa Lusangi, ambao mizani yetu hawajawahi kuiona. Munganga alifurahi, akauliza nani aliwaarifu watu hawa wote. Nikataja jina langu mara mbili: Apolline, Apolline.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Heri, mtoto wa Mwamini, mnene, mwenye kidonda gotini. Munganga akampaka dawa ya zambarau. Kilo tisa. Mwamini, mama yake, akapewa kipande cha sabuni, akakikataa: Apolline alisema mche. Masera akanigeukia. Munganga akacheka, akasema leo ni sherehe, apewe.

Akaja Mama Régina na mtoto aliyefunikwa kitenge. Kilo tisa. Jirani yake: kilo tisa. Munganga akasema watoto wa bonde letu wana afya ya ajabu, tena wanalingana. Nilijivunia sana bonde letu. Kisha akaja mtoto mwingine, akamchekea munganga kama rafiki wa zamani na kumvua miwani. Goti lake lilikuwa la zambarau tayari.

Munganga akauliza ni nani aliyempaka. Baba akanitazama mimi. Ndipo Léocadie, kwa mdomo wake usiofanya kazi mwaka mzima, akasema, "Ni Heri tu, munganga. Tangu asubuhi ni Heri."

Walikuwa wanaazimana Heri nyuma ya nyumba! Mama Régina alijitetea kwamba wake amemwacha nyumbani, kilima ni kirefu, na Heri alikuwa amekwisha kufika.

Sabuni ya mwaka mzima imekwisha.

Ijumaa, tarehe 13 Agosti

Mwamini amekuja kulalamika, tena kwetu! Heri amevuliwa nguo asubuhi nzima, sasa ana mafua. Na kila aliyemwazima alimwahidi nusu mche, hakuna aliyeleta. Baba akampa sabuni yetu ya nyumbani.

Kisha Baba akaniuliza, "Apolline, mama, nani alikutuma?"

Nikajibu kwamba hakuna mtu. Akasema ndiyo shida yenyewe. Sikumwelewa. Bila mimi, munganga angepima watoto wachache na kurudi Kasongo amenuna.

Jumapili, tarehe 15 Agosti

Baada ya misa Masera alitangaza. Léocadie atakwenda Kasongo.

Nilipiga makofi. Léocadie akaja kuniomba nimsamehe, jambo baya sana kumfanyia mtu mwenye hasira. Nikaenda nyuma ya jiko. Kulikuwa na moshi mwingi. Masera alinikuta huko, akanifuta uso kwa mkono wake.

Akasema, "Mwakani kuna nafasi tena. Namutafuta musichana anayeweza kutulia."

Mwakani! Basi nimetulia tangu mchana. Sijasema na mtu yeyote, isipokuwa Mama Régina na jirani zake. Nimewaomba waende kwa Masera, mmoja mmoja, wamweleze jinsi nilivyotulia. Wakauliza watapata nini. Nimewaahidi chumvi, bakuli zima kila mmoja. Masera ana gunia stoo, na hajawahi kuniambia kwamba si ya kazi hiyo.