Misa ya Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu, saa tatu asubuhi, Roma imefurika watu waliokuja kutubu dhambi na kupiga picha, hasa kupiga picha, na Oreste Tulli amesimama kwenye kivuli cha nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro akiitazama riziki yake ikipita.

Siku za kawaida Oreste alikuwa anauza nafasi za foleni zisizo zake. Pasaka hii aliamua kupanda cheo. Alikwenda kwenye lile duka la nguo za kanisa nyuma ya Pantheoni, ambako hawakuulizi kama wewe ni padre, wanakuuliza kiuno chako sentimita ngapi, akatoka na kanzu nyeusi yenye vifungo vya zambarau, ya monsinyori, yaani padre wa cheo. Kwenye mfuko wa kanzu aliweka bunda la tiketi za misa ya Jumapili ya Pasaka. Tiketi hizo hutolewa bure. Oreste alizipata bure kwa jina la parokia ambayo haijawahi kujengwa, na alikusudia kuwauzia wale wasiojua neno bure lina maana gani, yaani karibu uwanja mzima.

Ndipo akawaona. Watu thelathini na mmoja, skafu za njano shingoni, mashavu mekundu ya baridi ya milimani, wamesongamana kama wanaogopa kuibiwa hewa. Hawana padre. Mbele yao mama mfupi, mnene, mweusi tii kwa nguo za msiba, ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Oreste hakuangalia uso wa mama. Aliangalia mkoba.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama zangu!"

"Milele amina, Monsinyori," wakajibu kwa pamoja, na kofia za wanaume zikavuliwa.

"Mmempoteza padre wenu?"

"Hatujampoteza, kabaki nyumbani," alisema mwanamke mrefu mwembamba aliyekuwa pembeni ya mwenye mkoba. "Kidole gumba kimemvimba kama kitunguu. Divai hiyo. Tulimwambia."

"Pierina, wifi yangu, funga mdomo," mwenye mkoba alimwambia. Akamgeukia Oreste. "Mimi ni Domitilla Zanchi, Monsinyori. Tumetoka Bergamo, kule juu. Mume wangu Battista kafa Novemba. Kaacha euro elfu sita, asomewe misa Roma, na padre mkubwa. Sasa mimi padre mkubwa nampata wapi?"

Akafungua mkoba kidogo, bahasha ikachungulia. Nene. Imeshiba. Oreste akapiga ishara ya msalaba kwa ibada.

"Mama," alisema, sauti ikiwa imelowa mafuta, "Mungu hakosei anwani. Leo hii hii, saa sita mchana, nitamsomea misa marehemu Battista mimi mwenyewe."

Hapa tunyamaze kidogo kwa heshima, maana mtu amejichimbia kaburi na hajui.

Ijumaa Kuu hakuna misa. Siyo Roma tu, dunia nzima. Altare inakuwa tupu bila hata kitambaa, kengele zinakaa kimya tangu Alhamisi, na padre atakayethubutu kusoma misa siku hiyo ni sawa na mtu anayepiga ngoma ya harusi kwenye matanga. Mtoto wa komunyo ya kwanza anajua. Lakini Oreste ni Mroma halisi, na sisi Waroma tunaishi karibu sana na kanisa kiasi kwamba hatuoni haja ya kuingia. Mara ya mwisho yeye aliingia akiwa na miaka tisa, akatoka kabla ya mahubiri.

Mama Domitilla, kwa upande wake, alikuwa ametunza sakristia ya kijijini, nguo na vyombo vya altare, kwa miaka thelathini na minane. Altare ile ya kuvuliwa nguo Alhamisi Kuu, alikuwa anaivua yeye kwa mikono yake.

Akamtazama Oreste usoni. Akashuka kwenye vifungo. Akashuka mpaka kwenye viatu, vyeupe vya michezo, vyenye mstari wa kijani. Pierina akafungua mdomo, na Mama Domitilla akamkanyaga mguu kwa uzito wake wote.

"Misa? Leo?" aliuliza mama kwa upole.

"Leo hii."

"Jamani, tuna bahati gani!"

Unaweza kuuliza kwa nini hakuita polisi. Usimdhanie utakatifu. Huyu mama kila vuli alikuwa anawauzia watu wa mjini magunia ya njugu za msituni, nzuri zikiwa juu na zenye funza chini. Alipomwona mwizi alimwona mtu wa kazi moja naye, tena asiyeijua kazi. Na alikuwa na mabegi thelathini na moja ya kupandisha ghorofa ya nne.

"Ila kuna jambo," alisema. "Misa haina haraka. Battista kafa, hana pa kwenda. Lakini aliacha sharti: bahasha apewe padre wa Roma atakayetuchunga siku zote tatu, mpaka tumalize chakula cha Pasaka. Tukishashiba, inakuwa yako. Utaweza?"

Oreste akapiga hesabu ya haraka. Siku tatu za kutembea na washamba, halafu hakuna kazi mpaka Krismasi.

"Mama, kuchunga ndiyo maisha yangu."

"Basi anza na mabegi."

Nyumba ya wageni ya masista ilikuwa na lifti, ila lifti nayo ilikuwa inafunga Kwaresima pamoja na masista, haiendi. Oreste akapanda na kushuka. Pierina alikaa kwenye ngazi akihesabu mizunguko kwa rozari.

"Huyu anahema kama punda," alimnong'oneza wifi yake. "Domitilla, huyu siyo padre."

"Najua."

"Hata sala ya Baba Yetu ilimshinda katikati, kaishia kwenye mkate."

"Najua, Pierina. Mkate ndiyo anaoutafuta. Wewe mwite Monsinyori na umpe hilo begi lenye jibini."

Mchana wakampeleka kwenye Ngazi Takatifu. Ngazi ishirini na nane, na hazipandwi kwa miguu, zinapandwa kwa magoti. Oreste alisema ana goti bovu.

"Ndiyo hilo hilo linalotakiwa," alisema Mama Domitilla. "Tangulia sisi tufuate."

Akapanda. Kwenye ngazi ya kumi alimtaja Mungu kwa mara ya kwanza katika siku ile akimaanisha. Kwenye ngazi ya ishirini alikuwa analia, na wazee wawili wa Bergamo nao wakalia kwa kuona moyo wa ibada wa makasisi wa Roma.

Alipofika chini alisikia harufu ya mboga za atichoki zikikaangwa, akageuka kama mbwa.

"Monsinyori!" Pierina alishtuka. "Leo ni kufunga!"

"Nilikuwa natazama tu, mama."

"Kutazama nako kunavunja mfungo," alisema Mama Domitilla, huku akitafuna mkate wa jibini. "Mimi nina barua ya daktari."

Jumamosi haikuwa afadhali. Mahujaji walitaka kuzungushwa mji, na nani anayemlipia nauli ya tramu mgeni wake? Monsinyori. Walitaka aiskrimu kwa sababu jua limewaka. Monsinyori. Oreste alitoa kila senti kwa moyo mkunjufu wa mtu anayepanda mbegu. Halafu Pierina akaleta kapu la mayai ya kubarikiwa, kama tunavyofanya Jumamosi Kuu, na watu wote wakainamisha vichwa wakisubiri Kilatini.

Oreste akafungua chupa ya maji ya dukani. Kilatini hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni vituo vya tramu namba nane. Akafumba macho, akaimba kwa pua:

"Arenuuula. Belli. Mastaaai. Gianicolenseee."

"Amina," wakajibu watu wa milimani.

"Casaletto," akamalizia, akawanyunyizia.

"Nimeguswa," alisema Mama Domitilla, akijifuta jicho lililokuwa kavu. "Sasa nina ombi dogo. Battista alitamani sana tuketi mbele kwenye misa ya kesho. Lakini wanasema tiketi zimekwisha."

Oreste akahisi kisu. Bunda lile mfukoni lilikuwa soko lake lote la Pasaka. Lakini bahasha ilikuwa pale pale, kwenye mkoba, inampungia mkono.

"Mama," alisema, "sidhani... ngoja... labda nitawaombea ndugu zangu wa ofisini." Akageuka, akapekua kanzu, akarudi. "Muujiza."

Tiketi thelathini na moja. Alipokuwa anazigawa alionekana kama mtu anayegawa meno yake mwenyewe.

Jambo pekee lililomtia nguvu ni chakula cha Pasaka, maana huo mpango ulikuwa wake. Jumamosi hiyo hiyo alichomoka kidogo, akaingia mgahawani kwa Righetto, mitaa miwili tu kutoka uwanjani. Righetto ni mtu mwenye tumbo la askofu na roho ya mtoza ushuru.

"Nakuletea vichwa thelathini na moja," Oreste alimwambia. "Wa milimani. Wanakula kama moto wa nyika na hawajui bei. Wape menyu ile isiyo na namba. Mimi nichukue sehemu yangu ya tano ya malipo."

"Na hiyo kanzu?"

"Ya kazi."

"Wasipolipa?"

"Righetto, wale wanalipa hata usipowaambia. Wasipolipa, nishike mimi."

"Haya," alisema Righetto. "Nimekusikia."

Jumapili walikaa mbele kabisa, karibu waweze kuhesabu maua ya altare. Mama Domitilla alisali kwa dhati, maana kuiba ni kitu kimoja na Pasaka ni kitu kingine. Baada ya baraka, saa saba kamili, wote wakamiminika kwa Righetto.

Nimeona nzige. Nzige wana adabu. Walianza na mayai na salami, wakaenda kwenye tambi, wakashusha mwanakondoo wa kuchoma na viazi, wakaagiza mwanakondoo mwingine wa kuhakikisha kama wa kwanza alikuwa wa kweli. Pierina alikula mpaka akafungua kifungo cha sketi, kisha akaficha chupa mbili za divai kwenye mkoba "kwa ajili ya kidole cha padre." Oreste, kichwa cha meza, alitabasamu kila sahani ilipopita. Sehemu ya tano ilikuwa inanenepa.

Saa tisa Mama Domitilla akasimama, akagonga glasi.

"Monsinyori," alisema, "siku tatu umetubebea mizigo, umetupigia magoti, umetulisha. Mapadre wa kweli hawafanyi hivyo." Watu wakapiga makofi. Akatoa bahasha, akaiweka mikononi mwa Oreste, akambusu mkono. "Usifungue mbele za watu. Ni ya marehemu."

"Haki yake," Oreste alikubali, akaisukuma ndani ya kanzu.

"Wewe maliza kahawa yako taratibu. Sisi tunatoka nje kupanga mistari ya picha. Tutakuita."

Wakatoka. Mmoja mmoja, kwa heshima, kila mmoja akimpigia Righetto saluti. Oreste alimaliza kahawa, akaenda chooni, akafunga mlango, akachana bahasha.

Ndani mlikuwa na kadi za kumbukumbu, zile tunazogawa kanisani mtu anapokufa. Bunda zima. Battista Zanchi, kofia ya kuwinda, jicho moja limefumba kidogo. Inaonekana mazishini hawakuja wengi. Fedha zenyewe zilikuwa zimehamia kwenye soksi ya Mama Domitilla tangu Ijumaa jioni.

Oreste alipofika barabarani, palikuwa na doa la mafuta pale basi la mahujaji lilipokuwa limeegeshwa. Alipogeuka, palikuwa na Righetto.

"Mama kasema leo ni wageni wako," alisema Righetto. "Kaniambia umesisitiza."

"Righetto, kaka yangu, nimeibiwa!"

"Pole sana. Ulisema nikushike."

Akamshika. Mwosha vyombo wa Righetto alikuwa amekwenda kwao kula Pasaka, na sufuria zilikuwa zimefika dirishani. Oreste aliomba walau akabadili nguo. Righetto akamwambia sufuria hazichagui.

Basi akaosha. Dirisha la jiko linatazama mtaa wanakopita mahujaji, na haikuchukua nusu saa mama mmoja Mjerumani akasimama, mkono mdomoni.

"Tazameni," aliwaambia wenzake. "Monsinyori anaosha masufuria. Siku ya Pasaka! Hao ndio watumishi."

Kundi likajaa. Simu zikainuliwa. Mtu akalia. Mtu akaweka noti ya ishirini dirishani, akafuata wa pili, wa tatu, na Oreste, povu mpaka kwenye viwiko, akauona muujiza wa kweli: amefanya kazi halali kwa mara ya kwanza, na watu wanamwaga fedha. Akanyoosha mkono taratibu.

Mkono wa Righetto ulifika kwanza.

Saa kumi na mbili jioni deni la chakula lilikuwa limekwisha kulipwa, na zaidi. Righetto hakuona sababu ya kulitaja. Alileta sahani kubwa tupu, ya sadaka, akaiweka dirishani mahali wapita njia watakapoiona vizuri zaidi, akarudi nyuma kidogo kuipima kwa jicho.

"Kesho Jumatatu ya Pasaka watakuwa wengi kuliko leo," alisema. "Uje saa mbili. Na usije na nguo nyingine."

"Sehemu yangu je?"

"Ipo," alisema Righetto, akamsogezea sufuria nyingine.