Kipandio cha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya kutafuta watumiaji imeanza. Chuoni kwetu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima apate mtu mmoja wa kweli mwenye shida ya kweli. Anamhoji, anampima, anamtengenezea kitu. Mtu yule anakijaribu mbele ya mwalimu, anatia sahihi, na kitu kinabaki kwake. Bila mtumiaji hakuna mradi. Bila mradi hakuna cheti.

Wino, msimamizi wa chumba cha kuchapia, ameshakuwa mtumiaji mara nne. Kwake kuna rafu ya viatu, taa ya kusomea, kiti cha kukunja na kitu cha kusimamishia miavuli. Hana miavuli. Mimi nimetunza stoo ya karakana miaka ishirini na miwili na sijawahi kuombwa hata mara moja. Wino anasema nina uso wa mtu asiye na shida.

Saa nne Penseli alikuja kurudisha randa. Tunamwita hivyo kwa sababu ya penseli anayochomeka kwenye nywele, kisha anaitafuta chuo kizima. Alikuwa amelia. Mshonaji aliyekuwa mtumiaji wake amehamia mji mwingine, yeye na cherehani yake. Na Penseli alishafeli mradi mwaka jana. Hakuna mara ya tatu.

Nikafungua mdomo. Nikasema mke wangu haifikii rafu ya jikoni, anapanda kopo la rangi.

Sikusema kwamba mke wangu alifariki mwaka jana, mwezi wa pili. Wakati wa msiba Penseli alikuwa mafunzoni kwenye kiwanda cha viti, hana habari. Nilikusudia kumwambia. Ila alikuwa ameshachomoa penseli.

Jumanne, 4 Juni

Mahojiano, kwenye kaunta ya stoo. Mke wangu ana kimo gani? Nikasema ananifikia kwenye mfuko wa shati. Penseli akapima kutoka sakafuni hadi mfukoni. Sentimita mia moja arobaini na nane. Nilisimama wima kabisa, nisimpunje.

Unyayo je? Nilikuwa nimebeba ndara zake kwenye mfuko. Alama ya kidole gumba bado imo.

Akauliza anapanda kwa mguu upi kwanza. Wa kushoto, nikasema, na mkono wa kulia unashika ukingo wa meza. Sikulazimika hata kufikiri. Penseli akasema basi mshikio utakaa upande wa kulia.

Tangu msiba watu huniuliza naendeleaje. Naendelea vizuri, asante. Hakuna aliyewahi kuniuliza yeye alipanda kwa mguu upi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilipofika mlangoni nikakumbuka.

Ijumaa, 7 Juni

Penseli alitaka kuonana naye. Nikasema mke wangu huwaonea haya wageni. Uongo mkubwa. Yule alikuwa akisimama kwenye foleni ya maji, anaongea na watu mpaka wanasahau zamu zao.

Basi Penseli akanipa karatasi ya maswali kumi nimpelekee. Nikajibu mwenyewe, kwa mwandiko wa kulala kama wake. Swali la sita: kwa nini unataka kipandio? Nikaandika: Mume wangu analinda misumeno kumi na tisa na mimi napanda kopo. Hilo sikulitunga. Alilisema Jumapili moja, sufuria mkononi. Nilicheka, nikamwambia wiki ijayo nitakutengenezea. Ni miaka tisa sasa.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe nimejiponza. Milimita, mwalimu wa miradi, ni mgeni wa mwaka huu, na hubeba rula ya chuma mfukoni. Amesoma majibu yale mbele ya darasa zima. Amesema hajapata kuona mtumiaji anayeijua shida yake namna hii. Atakuja kwangu mwenyewe siku ya majaribio, tarehe 18, ili amsalimie.

Jumatatu, 10 Juni

Wino aliingia stoo akafunga mlango nyuma yake. Majibu yake yeye hayakusomwa. Safari hii ni mtumiaji wa kibanio cha karatasi, na ilimchukua mistari miwili tu kueleza shida yake.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwepo kaburini. Alishika koleo baada yangu. Nikasema nakumbuka. Akasema basi hili ni jambo zito, bwana. Nikasema najua. 

Kisha akauliza kama ningempisha kwenye ile nafasi ya dirishani chumba cha chai. Tumeigombania tangu chumba kilipopakwa rangi ya kijani. Nikampisha. Sasa nakaa karibu na sinki, na kila anayesuuza kikombe ananirushia maji.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepata njia. Shemeji, dada mkubwa wa marehemu. Sauti zao zinafanana, na pua. Tatizo ni kimo. Mke wangu alikuwa akisema wazazi wao walimaliza urefu wote kwa mtoto wa kwanza.

Nikamweleza. Akaniuliza kama nimeanza kuumwa. Nikamwambia habari za Penseli na kwamba hana mara ya tatu. Halafu akasema sawa shemeji, lakini hatajibu kwa jina la mdogo wake, hatatia sahihi yoyote, na wakimuuliza jambo atakohoa.

Tukafanya mazoezi. Nilimvalisha gauni refu, akakunja magoti ndani yake na kutembea kutoka mlangoni hadi jikoni. Alipita vizuri, ila alichukua dakika mbili, na mwishoni alisema magoti yake hayakuzaliwa kwa ajili ya sanaa.

Jumanne, 18 Juni

Walikuja saa tatu. Milimita na rula yake, Penseli na kipandio kwenye blanketi.

Alipokifunua nikashika fremu ya mlango. Mbao ya rangi ya chai. Ngazi mbili, pembe zimelainishwa. Mshikio kulia. Ngazi ya juu ina upana wa ndara mbili zikiwa zimelala sambamba. Ni chepesi, kinabebeka kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwiko. Nilikuwa nimeliandika hilo kwenye swali la nane.

Shemeji akaingia kwa magoti yaliyokunjwa. Milimita akampa pole kwa maumivu ya miguu. Shemeji akakohoa. Akapanda kwa mguu wa kulia. Penseli akamwambia polepole, wa kushoto, mama. Shemeji akabadilisha mguu, akasahau magoti, akanyooka, na rafu ikampata kwenye paji la uso. Mikebe mitatu ikaanguka. Wa chumvi ukafunguka.

Milimita akatazama fomu. Akamtazama shemeji, kutoka juu hadi chini, na safari ilikuwa ndefu. Akauliza kwa heshima kama mama amerefuka tangu mwanzo wa mwezi.

Shemeji akashuka. Akasema yeye si huyo mama. Mwenye vipimo hivyo amelala makaburini mwaka na miezi minne sasa, na huyu hapa ni mume wake, mtu mzuri, msimpigie kelele.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Penseli aliinama akaanza kuzoa chumvi kwa kiganja.

Milimita alisema anasikitika kwa msiba wangu, na alimaanisha. Lakini hawezi kupitisha mradi usiokuwa na mtu. Amempa Penseli hadi Ijumaa saa sita. Mtumiaji wa kweli, shida ya kweli, apande kwa miguu yake na kuondoka nacho.

Jumatano, 19 Juni

Penseli alikuja kuchukua msasa. Akasema ningemwambia siku ya kwanza angetafuta mtu mwingine mapema, na changu angekitengeneza baada ya mtihani, tena bila fomu. Hakuwa na hasira. Alisaini daftari na kuondoka. Penseli yake aliiacha kaunta, na hakurudi kuitafuta.

Mchana nilikwenda sokoni na futi ya utepe. Mpango ulikuwa rahisi. Nasimama penye njia nyembamba karibu na vitunguu, kila mama mfupi akipita namlinganisha na mfuko wa shati. Wa kwanza alifika kifungo cha pili. Wa tatu alikuwa wa kwapani. Wa saba, mfukoni kabisa!

Nikamuuliza anapanda kwa mguu upi. Akaniuliza napenda kupigwa teke kwa upi. Mume wake ni muuza nyama wa kibanda cha jirani, na alikuja bila kuweka kisu chini. Nilitoka kupitia upande wa samaki. Futi imebaki kule. Ni mali ya chuo.

Alhamisi, 20 Juni

Wino alikuja tena, akafunga mlango tena. Nikamwambia sina nafasi nyingine ya kumpisha. Akasema hakuja kwa hilo. Akasema ni mke wangu. Nikamuuliza ana nini na mke wangu. Akasema wake, bwana, wake yeye.

Mke wa Wino humletea chakula kila siku, na kwa miaka ishirini nimemsalimia bila kumtazama kimo. Leo alisimama kando yangu, bakuli mkononi. Mfukoni kabisa. Nikamuuliza nyumbani anaifikiaje rafu ya juu. Akamtazama Wino kwanza. Kisha akasema anapanda kile cha kusimamishia miavuli, na kimeshamwangusha mara mbili.

Wino alitazama viatu vyake.

Shida ya kweli, basi. Mtu wa kweli. Ila anapanda kwa mguu wa kulia, kwa hiyo mshikio uhamie kushoto. Na kipandio kiende kwa Wino. Cha sita.

Nikasema nipeni muda nifikiri. Penseli alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana, kipandio mapajani, anakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nilifikiri mpaka kengele ya saa nane. Kama ni cha mke wangu, kikae pale jikoni, chini ya meza, karibu na kopo. Nani atakipanda? Mimi rafu ile naifikia kwa kiwiko.

Nikafungua stoo. Nikatoa drili, patasi na klampu mbili, nikaziandika kwa jina langu. Nilishika mbao wakati Penseli anang'oa mshikio. Matundu ya upande wa kulia aliyaziba kwa vijiti na gundi, akapiga msasa. Huyaoni. Ukipitisha kidole unayasikia, kama unajua yalipo.

Nilimrudishia penseli yake. Akaichomeka.

Ijumaa, 21 Juni

Majaribio yalikuwa nyumbani kwa Wino, saa tano. Mke wake alipanda, akateremsha sufuria, akashuka. Akapanda tena bila kuombwa, akateremsha nyingine. Akasema rafu ina vumbi kumbe, na Wino akasema tusiingie huko mbele ya mwalimu.

Hakikutoa sauti. La kwetu, lile kopo, lililia ting kila aliposhuka. Nilikuwa nikilisikia nikiwa uani, najua ameshafika chini salama.

Milimita alipima, akaandika, akatoa fomu. Mke wa Wino akatia sahihi kwa herufi kubwa. Penseli amepita. Alama si za juu. Zimekatwa kwa sababu ya fomu ya kwanza, na fomu ya kwanza ni mimi. Alimkumbatia mke wa Wino. Mimi alinipa mkono, na hakuuachia upesi.

Wino aliniambia nikaribie kukitazama wakati wowote. Nikasema sina haja. Akasema Jumapili watakuwepo. Nikasema saa ngapi.

Jumapili, 23 Juni

Nimekitazama. Wamekiweka vizuri, mbali na jiko.

Jioni shemeji alipita, paji la uso limepungua uvimbe. Akanikalisha chini. Akasema nimkumbuke mdogo wake kwa njia nyingine, si kwa kuwatia watoto wa watu matatani. Akaniapisha. Nimeapa: sitamtoa tena mke wangu kwa mwanafunzi yeyote. Naliandika hapa lisije likapotea.

Jumatatu, 1 Julai

Siku tulivu. Nafasi ya dirishani Wino amenirudishia, kwa masharti ya zamu.

Saa tano akaja kijana wa mwaka wa pili, wanamwita Kofia, kurudisha msumeno. Wao nao wana mradi mdogo, chini ya mwalimu mwingine asiyemjua mtu. Mtumiaji wake, mlinzi wa benki, amejitoa. Nikampa pole. Nikaandika namba ya msumeno. Mimi ni mtu aliyekwisha kujifunza, nikanyamaza.

Akafika mlangoni.

Nikamwambia mke wangu ana ndoo, mpini wake unamkata kiganja.

Nimelipima jambo hili pande zote na safari hii haliwezi kuharibika. Ndoo haijali kimo. Shemeji atafaa kabisa.

Kofia akarudi, akafungua daftari. Akauliza ni mkono upi.

Wa kulia, nikasema, na nikamsogezea kiti.