Mke Mnene Wakati wa Ambargo

Jumatatu, 2 Juni 1997. Buyenzi.

Ambargo hii, nchi jirani kutufungia mipaka, imetukondesha wote. Hata kanzu ya imamu inampwaya. Lakini mke wangu Asiya anazidi kunenepa! Mashavu yamejaa, macho yamezama kwa unono. Majirani wanashangaa. Natembea kifua mbele.

Na unene huu utanipa kazi. Mzee Hamood, mfanyabiashara, anatafuta msimamizi wa depo yake ya sukari kule Zone Industrielle, penye viwanda. Amesema wazi kwamba hataki mtu mwenye njaa nyumbani, maana ataila sukari yake. Mke wa Djibril, mshindani wangu, amebaki mifupa. Mimi nina ushahidi unaotembea. Gereji yangu haijaona gari tangu petroli ipotee. Kazi hii lazima niipate.

Jumatano, 4 Juni.

Nimempeleka Asiya kumsalimia Mzee Hamood. Hakutaka. Alisema viatu havimwingii, na asubuhi macho yanakataa kufunguka. Nikamnunulia kandambili za kiume. Nikamsimamisha mlangoni, penye mwanga. Mzee alimtazama, akasema mashallah, akaniambia nirudi wiki ijayo nichukue funguo. Funguo!

Njiani Asiya alisimama kila mara kuhema. Alisema pia mkojo wake unatoa povu kama maji ya sabuni. Nilimwambia mke wa msimamizi hasemi mambo ya chooni barabarani.

Jioni, askari wawili. Djibril alikuwa amewaambia nimeficha magunia ya sukari. Walipindua kitanda. Mmoja alinielekezea bunduki, akauliza huyu mama anakula nini. Nilijibu ukweli: ugali na mboga za lengalenga, tena hamalizi sahani. Hakuamini. Walichukua redio yangu wakaondoka. Hata hivyo, sasa mtaa mzima unajua kwangu kuna chakula. Faida!

Ijumaa, 6 Juni.

Balaa. Baada ya sala, kwenye ua wa madrasa, aliletwa muuguzi Ernestine kuwafundisha watu juu ya ugonjwa wa figo. Nilikaa mbele ili nionekane. Alisema figo huharibika kimya kimya, na watu husema mtu amerogwa, au amenenepa, hadi wanachelewa. Akataja dalili. Uso kuvimba asubuhi. Miguu kujaa. Mkojo wa povu. Kwa kila neno, vichwa viligeuka upande wa wanawake kumtazama Asiya.

Djibril akanyoosha mkono. Akauliza kama mutu anaweza kuwa mugonjwa, na bwana yake anasema ni mafuta. Ernestine akajibu kwamba wagonjwa kama hao huwaona kila mara. Mzee Hamood alinikazia macho. Funguo zangu!

Muuguzi alimfuata Asiya, akambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki pale pale. Akasema aende hospitali leo. Nikasema Jumanne, nikishapata funguo. Asiya alilia njia nzima, na mimi nilijifanya sisikii.

Jumamosi, 7 Juni.

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Jioni Asiya alishindwa kulala. Kila akijilaza anakosa pumzi. Midomo ikabadilika rangi. Akanishika shati, akasema: "Baba Soumaya, mi sitaki kufa juu ya sukari ya watu." Niliogopa, jamani. Niliogopa sana. Risasi zilikuwa zinalia upande wa Carama, na saa ya kuvrefe, ya kutotoka nje, ilikuwa inakaribia. Ukikutwa nje baada ya hapo, hawaulizi jina. Gari sina. Mwenye gari na petroli mtaani ni mmoja tu.

Nilisimama mlangoni kwa Djibril nikamwita kaka. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alimbeba Asiya mwenyewe hadi garini. Tulipita bariyeri mbili za askari polepole, taa ya ndani ikiwaka, mikono yetu ionekane. Kwenye ya pili askari alimmulika Asiya usoni kwa muda mrefu. Kisha akafungua njia.

Jumapili, 22 Juni.

Asiya yu hai, alhamdulillah. Daktari amesema tungechelewa kidogo tungemzika, maana mashine ya kusafisha damu hapa hatuna, na ndege za kumpeleka kwingine zimezuiwa na ambargo. Dawa zimetoa maji yote mwilini. Chumvi marufuku. Na mashavu yameisha! Chini yake kulikuwa na mifupa, kama ya mke wa Djibril. Alikuwa amekonda siku zote hizi na sikujua. Nililia kweli.

Kisha nikamwomba avae vitenge vitatu tutakapopita mbele ya duka la Mzee Hamood. Alinirushia kandambili.

Ijumaa, 27 Juni.

Funguo amepewa Djibril. Mwizi! Lakini nimepata heshima nyingine. Asiya alinilazimisha nisimame baada ya sala niwaambie watu dalili. Nilizitaja zote kwa ufasaha: uso, miguu, povu. Mkiziona, kimbieni hospitali, msingoje kesho. Niliongeza kwamba ni mimi niliyegundua mapema. Upande wa wanawake mtu alikohoa kwa nguvu. Bibi mmoja ameshakwenda kupimwa.

Na habari njema kuliko zote! Tangu juzi viatu vinanibana. Leo kwenye kioo, mashavu yamejaa, macho yamezama kwa unono. Asiya ameniona, akaanza kupiga kelele twende kwa Ernestine sasa hivi. Wivu huo. Kesho kwanza napita depo, Mzee Hamood anione.