Habari za Kikombe cha Asidi Kilichozaa Pipa

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mlioyaazima; wekeni chini vikombe na simu zenu, mwache na kukohoa, maana nataka kusimulia vita ambavyo mfano wake haukupata kuonekana tangu binadamu alipojua kumwaga kitu kwenye sinki. Nawe kalamu yangu, kalamu ya stoo uliyefungwa kamba usiibwe, nijalie ninene yote bila kucheka. Niliyaona kwa macho haya mawili, na silaha zote za vita hivyo zilitoka mkononi mwangu, kwa sahihi.

Alikuwapo katika shule yetu mtumishi mmoja wa maabara, ambaye wanafunzi walimwita Profesa naye hakuwakataza. Huyo ndiye Profesa mwenye koti jeupe, mkung'uta chupa, mlinzi wa rafu, aliyesomea kazi yake wiki mbili na kuizungumzia miaka tisa. Miaka hiyo tisa yote alikuwa wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila mkataba ulipokwisha alikaa nyumbani siku kadhaa akiwaambia majirani kuwa yuko likizo. Hata muhula ule mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamwambia kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi saa nane mchana. Akiikuta maabara salama, jina la Profesa litapelekwa kuombewa ajira ya kudumu. Akikuta asidi imeachwa ovyo, jina litabaki pale pale lilipozoea kubaki.

Na usalama wa maabara, enyi mnaosikiliza, ulizuiwa na kikombe kimoja tu. Kilikuwa kikombe cha asidi iliyosalia katika mazoezi ya wanafunzi, kimekaa juu ya meza kama mgeni asiyeaga. Kukimwaga kulikatazwa, kwa kuwa mwaka uliotangulia mtu fulani alimwaga asidi kavukavu kwenye sinki (simtaji, ila alikuwa na koti jeupe), nayo ikala bomba, ikala saruji chini ya bomba, ikawadondokea walimu wa ofisi ya chini wakiwa kwenye kikao. Tangu siku hiyo ikawa amri kwamba asidi ipoozwe kwanza kwa kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ambayo ni hasimu wake wa kuzaliwa. Zikikutana kwa kipimo sawa huuana zote mbili, na kinachobaki uwanjani ni maji ya chumvi.

Shahidi wa mapambano hayo ni kikaratasi cha rangi ya zambarau. Ukikichovya kikawa chekundu, asidi ingali hai. Kikiwa cha bluu, kostiki imezidi. Kikibaki zambarau, amani imepatikana. Vikaratasi vilikuwepo sita. Kidondoshi, kile kifaa cha kudondoshea tone moja moja, kilikuwa kimefungiwa katika droo ya mwalimu wa kemia, na mwalimu wa kemia alikuwa kwenye semina, na ufunguo ulikuwa kwenye semina pamoja naye.

Alhamisi yenyewe, saa nne asubuhi, Profesa akavaa miwani na glavu, akakisogelea kikombe, akanena kwa sauti iliyofika hadi dirishani kwangu:

"Ewe asidi, mla saruji, mtoboa soksi! Umelala hapa siku nne ukinitazama kwa dharau. Leo ama zangu ama zako!"

Asidi haikujibu. Akatia kostiki kijiko kizima, kwa kukadiria macho, akakoroga, akachovya kikaratasi. Bluu. Mtu mwingine angesema nimezidisha kidogo, akatafakari. Shujaa wetu hakuzaliwa kutafakari. Aliinua chupa ya asidi ya akiba na kumimina. Chekundu. Kikombe nacho kikawa cha moto, maana mahasimu hao wakipigana hutoa joto, na joto likadai maji, na maji yakadai chombo kikubwa zaidi. Ndipo akatokea mlangoni kwangu.

"Ndugu yangu mtunza stoo," akasema, "nipe jagi. Vita vimepanuka."

"Weka sahihi hapa," nikamwambia. "Na sikiliza, Profesa. Si uende jikoni kwa shule ukamwombe mama mkwe wako magadi? Anayo kopo zima."

Hapo akasimama wima, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili kama mtu anayepigwa picha.

"Mimi? Niende kwa mama mkwe kuomba kiungo cha kulainishia maharage? Mwanamume niliyesomea! Huyo mama, tangu nimwoe binti yake, anawaambia watu kwamba mkwewe anaosha chupa. Nikienda leo atasema hata kuziosha sijui. Bora nife na jagi langu mkononi!"

Akaondoka na jagi. Nusu saa haikupita, akarudi kuchukua ndoo, kwani kostiki ilikuwa imezidi tena, na asidi baada yake, na maji juu ya zote mbili. Baada ya ndoo akaja kufuata beseni la kufulia mapazia. Mara hii hakuhutubu, alinyoosha mkono tu. Katikati ya kampeni alitafuna vidonge viwili vya chokaa, vile vya kiungulia, kwa sababu wasiwasi ulikuwa umempandishia asidi kifuani. Dakika kumi tumbo likatulia. Asidi ya tumboni aliipooza kwa vidonge viwili bila kuomba hata kijiko stoo, wala halikumjia wazo kwamba hapo kulikuwa na la kujifunza.

Hata ilipotimu saa saba na robo, nilimkuta amesimama mbele ya pipa langu la lita mia, limejaa karibu na ukingo, miwani yake ina ukungu. Kikaratasi cha tano kilikuwa chekundu. Kostiki ilikuwa imekwisha yote. Kile kikombe kimoja kilikuwa sasa pipa zima la maji makali, na mkaguzi alikuwa njiani.

Nilitaka kumcheka, na nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu asubuhi. Lakini nilimwona anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti na kuivaa tena, nikaona aibu.

"Miaka tisa," akasema, safari hii kwa sauti yake ya kawaida. "Mke wangu nilimwambia leo ndiyo leo."

"Twende jikoni," nikamwambia.

Basi tukaingia jikoni, himaya ya mama mkwe, mpishi mkuu, bibi wa masufuria, mama asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Profesa akasimama karibu na mlango, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?"

"Mama, nimekuja mbele yako mimi mkweo, niliyezingirwa na jeshi la asidi, nikalipiga likaamka, nikalipiga tena likaongezeka..."

"Unataka nini?"

"Magadi, mama."

Mama akalishusha kopo, akachukua na mwiko wake mrefu, akatutangulia kupanda ngazi. Alipoliona pipa alikunja mikono ya gauni lake. Alimwaga magadi kiganjani akamwekea mkwewe kwenye glavu.

"Tia kidogokidogo," akasema. "Ikiumuka, bado ina njaa. Ongeza. Ikinyamaza, imeshiba. Acha hapo hapo, usiwe na kiherehere."

"Na kipimo, mama?"

"Si nimeshakwambia kipimo?"

Akatia. Pipa likachemka povu jeupe, likanguruma, likapanda hadi ukingoni na kushuka. Akatia tena, likanguruma kidogo. Mama alikuwa akikoroga taratibu, sisi wawili tumeinamisha masikio juu ya pipa tukisikiliza kama linataka kutuambia siri. Mara ya kumi na moja alipotia, pipa halikusema kitu. Profesa alinyanyua mkono kuongeza, kwa mazoea yake, mama akamshika kifundo cha mkono.

"Imeshiba, mwanangu."

Profesa akachukua kikaratasi cha sita, cha mwisho, akakichovya. Tukakitazama sote watatu. Kilitoka zambarau, na kikabaki zambarau.

Hatukupata hata nafasi ya kushangilia, kwa maana mlango ulifunguka akaingia mwalimu mkuu na mama mkaguzi, mwenye faili kwapani. Mkaguzi akalizunguka pipa. Akatoa kikaratasi chake mwenyewe katika mkoba, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni taka ya asidi, imeshapoozwa?"

"Ndiyo, mama."

"Pipa zima?"

Profesa akafungua kinywa. Nilimwona, mtu mwaminifu kwa maumbile, anataka kusema kikombe kimoja. Hapo ndipo mama mkwe, mama wa heshima zake, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi hata kumgusa bega, akamkanyaga mguu.

"Pipa zima," akasema Profesa.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mimi nimezunguka shule nyingi. Wengi hata kikombe wanakimwaga dirishani. Ninyi mnafanya mazoezi yanayotoa asidi kiasi hiki, na mnamwachia mtu wa mkataba wa miezi mitatu? Hii ni hatari. Huyu anatakiwa awe wa kudumu, na barua yake nataka kuiona kabla sijaondoka."

Barua ikaandikwa mchana ule ule. Na hivi ndivyo Profesa, mkuzaji wa vikombe, alivyoshinda kwa kushindwa mara tano mfululizo, na laiti angeipatia mara ya kwanza, pasingekuwa na kitu cha kumwonyesha mkaguzi ila kikombe cha maji ya chumvi, na leo angekuwa angali likizo.

Wenye mamlaka walipotoka, tukaliinamisha pipa kwenye sinki. Maji yakashuka kwa upole, bomba halikulalamika, walimu wa chini hawakupiga kelele. Profesa akalia. Alilia na glavu zake mikononi, mabega yanapanda na kushuka, na mama mkwe akageukia dirisha, akawa anasoma kwa makini bango la onyo kuhusu moto, ili mkwewe apate kulia bila kuonwa. Mimi niliyeandaa kicheko tangu asubuhi nilifurahi, na kufurahi kwangu kuliniudhi.

Basi iandikwe katika tarehe za dunia, baada ya kugunduliwa kwa moto na kabla ya jambo lolote lingine la maana, kwamba siku ya Alhamisi, saa nane na dakika ishirini, katika chumba cha pili juu ya ofisi ya walimu, lita mia za maji ya chumvi zilimwagwa salama. Mashahidi ni watu watatu. Mmoja wao, alipomaliza kusoma bango, alichukua mwiko wake akashuka ngazi, na njiani akakutana na mfagizi aliyemuuliza alikuwa anafanya nini huko juu.

"Nilikuwa kwa mwanangu," akasema. "Tulikuwa na kazi ya maabara."