Mji Usiolalamika

Ilitangazwa rasmi, mbele ya kamera na soda baridi, kwamba Likasi ndio mji wenye wateja walioridhika kuliko yote nchini. Wa kupongezwa alikuwa Godefroid, mkuu wa Divisheni ya Malalamiko ya Mtandaoni katika shirika la umeme la Nuru Daima, na yeye mwenyewe hakukana.

Siri ilikuwa ya kisayansi. Zamani wateja walimchambua kwenye Facebook tangu alfajiri: friji imeungua, samaki wa ziwa Tshangalele wameoza. Godefroid akachunguza, akagundua kwamba mtaa uliokatiwa umeme wiki nzima hunyamaza kabisa, kwani simu zote zimezima. Akashauri “utulizaji wa wateja” uanzie mtaa wa Kikula, kisha mji mzima. Amani ikatawala.

Vichwa vigumu wachache, waliochaji simu kwa Amisa mwenye paneli za jua sokoni Kikula, walipata jibu la papo hapo la kompyuta, alilolitunga Godefroid mwenyewe: “Mteja mpendwa, kama umeweza kutuandikia, simu yako ina chaji. Kwa hiyo umeme unao. Asante kwa kuridhika.” Alilipenda mno jibu hilo, akamsomea mkewe Hortense, aliyekuwa akipapasa kutafuta mshumaa.

Makao makuu yalifurahi, yakaamua haraka: mji usiolalamika hauhitaji mkuu wa malalamiko. Cheo, gari na nyumba ya kazi virudishwe kufikia Jumatatu.

Godefroid akaamua kukata rufaa. Rufaa zilipokelewa mtandaoni tu, kwa pendekezo lake mwenyewe, na simu yake ilikuwa imezima. Mwosha huoshwa, ila Kikula huoshwa kwa foleni: akaenda mwenyewe kwa Amisa kuchaji.

“Mama, minye niko chef wa umeme,” alimnong'oneza Amisa, kama mkubwa anayetaka kupitishwa mbele.

“Sema nguvu, papa, bantu basikie.”

Foleni nzima iligeuka. Godefroid akaona cheo si kitu cha kutajwa mara mbili, akaenda kusimama nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika, Amisa alichomeka simu yake bila kinyongo.

“Unataka kuandikia nani, papa?”

“Kampuni. Banataka kunifukuza, na ku nyumba courant ya umeme hakuna.”

“Pole, papa. Baandikie tu. Bale banajibu mbio.”

Aliandika kwa uchungu wote aliokuwa nao, akatuma. Jibu lilifika kabla hajashusha kidole.

“Mteja mpendwa,” alisoma kwa sauti, “kama umeweza kutuandikia...”

Foleni ikamalizia kwa pamoja, bila kutazama simu yoyote:

“...simu yako ina chaji. Kwa hiyo umeme unao. Asante kwa kuridhika.”