Praima ya Namba Kumi na Nne

Jumapili, 3 Machi

Kichwa cha treni kimekamilika! Shaba tupu, urefu wa kiganja na nusu, magurudumu kumi, na ribiti, vile vichwa vidogo vya misumari ya bati, mia mbili na kumi na mbili. Nimezihesabu moja moja. Miezi minane kimetawala meza yetu, na mke wangu amekuwa akila sahani ikiwa magotini. Kilichobaki ni rangi tu. Kazi ya mchana mmoja.

Jumamosi ni maonyesho ya chama chetu cha modeli, ukumbi wa maktaba. Modeli ya mshindi inakaa kwenye kabati la kioo pale mlangoni mwaka mzima. Miaka minne mfululizo kabati ni la Fundi Saa. Mtu mpole, anaongea kama aliyelaza mtoto chumba cha pili. Simpendi.

Safari hii ni kufa na kupona, maana baba mkwe anakuja. Aliendesha treni miaka thelathini, na hiki ndicho kichwa chake, namba kumi na nne. Tangu nimuoe binti yake ananiita Bwana Karibu, kwa sababu kila kitu changu kiko karibu kumalizika. Nataka anione nimemaliza kitu kimoja. Kimoja tu!

Jumatatu, 4 Machi

Nimepaka praima, ile rangi ya kwanza ya kutangulia rangi yenyewe, iliyobaki tulipopaka jikoni. Praima si praima? Brashi ya inchi mbili. Ribiti zote zimemezwa! Mke wangu amepita akauliza ninafanya nini na kipande cha sabuni. Nimemjibu hiyo ni hatua ya kwanza.

Jioni nimeibandua kwa kijiti cha meno. Ilitoka kwa urahisi ajabu, vipande vizima vizima. Nimefurahi sana. Sikujiuliza kwa nini.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi anayepuliza rangi za magari. Nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Akaniangalia vidole, vilivyojaa praima ya jikoni, akasema nimpe pole huyo rafiki. Kisha akanieleza kwamba shaba inateleza, rangi ya kawaida haina pa kushika. Inatakiwa praima inayouma chuma. Akanipa kopo la kupuliza. Ushindi!

Alikuwa bado anaongea. Eti kwanza nioshe kwa sabuni ya vyombo, nipige msasa laini, nisiguse tena kwa mikono mitupu, nipulize matabaka mawili membamba na kusubiri siku nzima kabla ya rangi. Hayo niliyasikia nikiwa nimeshafika barabarani.

Jumatano, 6 Machi

Upelelezi! Nimempelekea Fundi Saa saa yangu, ambayo haina ugonjwa wowote, nipate kuchungulia. Na nimeona. Meli yake ya chuma iko kwenye karai, anaiogesha. Kwa mswaki! Amevaa glavu!

Nilipoingia hakuficha kitu. Hapo ndipo nilipomshtukia. Nani mwenye siri akaiacha mezani? Akanikaribisha kiti, akanieleza kila hatua bila kuulizwa, maneno yaleyale ya fundi wa magari. Wamekula njama! Wanataka nipoteze siku mbili nikisugua ribiti huku wenzangu wanapaka.

Saa amenirudishia akiwa ameisafisha. Sasa inakwenda vizuri kuliko zamani. Imeniudhi mno.

Nimepata mpango: nitafanya kinyume cha yote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepuliza. Sikuosha, sikupiga msasa. Tina, ile dawa ya kutolea rangi, ilikuwa imenikausha vidole, kwa hiyo nikajipaka kwanza mafuta ya mikono ya mke wangu, yenye harufu ya waridi. Kisha nikakishika kichwa cha treni kwa mapenzi, kila upande. Halafu nikapuliza tabaka moja zito, mpaka kopo likakohoa. Kijivu cha kuvutia! Baada ya dakika arobaini, rangi nyeusi juu yake, na mstari mwekundu ubavuni.

Mke wangu amehamia kwa jirani na kitabu chake. Amesema atarudi hewa ikirudi.

Lakini jamani, kimependeza! Nimezunguka meza nikipiga mluzi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna kipovu karibu na bomba la moshi. Kidogo tu. Nimekibonyeza, kikahamia upande wa pili. Nimeamua kutokibonyeza tena.

Baba mkwe amefika mchana. Swali la kwanza, kabla hata ya kuvua viatu: modeli iko karibu? Nikamwambia imekwisha. Imekwisha, baba! Akanitazama, akaomba aione. Nikamwomba asubiri kesho, aione mbele za watu.

Baadaye nimemkuta anapiga pasi shati lake la kazini, lile lenye vifungo vya shirika la reli. Shati ambalo hajalivaa tangu astaafu. Nimempenda ghafla yule mzee, na nimeogopa.

Jumamosi, 9 Machi

Modeli yangu waliiweka jirani na meli ya Fundi Saa. Rangi ya meli imeshika utadhani imezaliwa nayo. Nilijitia hamnazo.

Baba mkwe akasogea. Akakinyanyua kichwa cha treni kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba ubavuni. Rangi ikafuata kidole! Nyeusi, nyekundu na praima yake, yote kwa pamoja, kama ganda la ndizi. Shaba ikabaki uchi mbele ya majaji. Fundi Saa akageuka, akaanza kuangalia dirisha. Nikatamani ardhi inimeze.

Mzee akacheka. Akacheka mpaka akatafutiwa kiti. Akamwita binti yake kwa sauti, akamwambia ndicho hiki, ndicho hiki hasa! Ubavu wa kushoto wa namba kumi na nne ulibanduka vivyo hivyo. Kila mwaka wakubwa wa reli waliahidi kuupaka, na siku anastaafu alikiaga kikiwa hivyo. Hakutegemea kukiona tena. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati. Nami nikalia, mwanzo kwa aibu, halafu kwa furaha tupu. Akaniita mwanangu. Mbele ya chama kizima!

Kabati limekwenda kwa Fundi Saa, mwaka wa tano. Kichwa cha treni kimeondoka na baba mkwe, mapajani. Amekataa kiwekwe kwenye mkoba.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina. Ukweli ni kwamba nimevumbua mbinu mpya, na majaji hawakuwa na macho ya kuiona.

Asubuhi amekuja Fundi Saa. Ameniandikia hatua zote za praima kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mdogo. Amesema ataona fahari nikishinda mwakani. Nimemkalisha, nikachukua kalamu nyekundu, nikamsahihishia. “Osha” nimeifuta. “Msasa” nimeifuta. “Subiri” nimeipiga mistari miwili. Pembeni nimemwandikia ajiamini zaidi.

Aliisoma taratibu, akaikunja vizuri, akanishukuru. Mtu muungwana kumbe. Akijitahidi, atafika.