Sukari Juu ya Sitaha

Jumamosi, 7 Juni

Mahone Bay. Ukungu. Darlene, mke wangu, amegoma kupanda mashua yetu. Mwaka jana aliteleza akatua kwa makalio, gati zima likishuhudia. Kasema sitaha isipotengenezwa, msimu huu anasafiri na Lloyd Corkum. Lloyd! Jirani wa gatini, mwenye mashua inayong'aa kama meno ya bandia!

Je, nipake rangi? Faiba ya sitaha, ile plastiki ngumu, imekuwa ya kijivu. Nimemuuliza Lloyd. Kasema nisithubutu, rangi ukishaipaka umeoa, kila mwaka inakudai. "Isugue kwa sabuni kwanza, Verne. Huo ni uchafu tu, bwana."

Husuda hiyo. Naijua.

Jumapili, 8 Juni

Nimesikia hila: nyunyizia sukari kwenye rangi mbichi, ikikauka ioshe, vinabaki vishimo, mguu unashika. Akili! Rangi: ya kibaraza, iliyobaki. Kijani. Sukari: ya Darlene, ya jemu. Nimemwaga kwa ukarimu.

Jumanne, 10 Juni

Ukungu bado. Rangi mbichi. Sisimizi wamefikaje majini? Nimelala kifudifudi kuchunguza. Wanavuka juu ya kamba, mmoja mmoja, kwa adabu zaidi kuliko wanachama wa klabu yetu ya mashua. Nilipoinuka, kifungo cha shati kilibaki. Swali la pili: shakwe hula rangi? Hula. Na baadaye huirudisha.

Lloyd kapita, kauliza keki ni ya harusi ya nani.

Alhamisi, 12 Juni

Darlene kaona kopo la sukari tupu. Hakufoka. Kavaa kofia, katoka na akina Corkum, kanipungia mkono. Nimewatazama hadi mdomo wa ghuba. Bila yeye mashua hii ni beseni tu. Sikujua ingeniuma hivi.

Nimechukua maji moto, brashi, sabuni. Rangi imetoka kama utando wa maziwa. Chini yake faiba nyeupe, yenye vipele vya kuzuia utelezi. Vilikuwapo siku zote? Ajabu!

Jumamosi, 14 Juni

Darlene kapanda peku. Kaenda mbele, karudi. Hakuteleza! Kasema, "Si ungeisugua tu tangu mwanzo, mpenzi?" Kisha kashika usukani, tukafika visiwani, kichwa chake begani kwangu. Lloyd alitupungia. Sikumwona, kwa makusudi.

Nimetafakari. Imethibitika: sukari huvuta uchafu. Sabuni peke yake ingeweza nini? Nimemweleza Lloyd, kacheka mpaka kakaa chini. Hana elimu.

Ubavu wa mashua nao umepauka. Dukani nimeulizia asali, kwa ndoo.